Hoteli ya zamani ya Midland Grand, St Pancras: ilikufaje, na kilichobaki ni cha kale kiasi gani?

Mkazi wa Leicester aliuliza:

Salaam kwenu nyote.

Karibu kila mwezi napanda treni kutoka Leicester kwenda London, na treni yetu huishia kituo cha St Pancras. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipita chini ya lile jengo jekundu lenye minara bila kuinua kichwa, maana mtu akishateremka huwa anawahi basi. Wiki iliyopita nilikwenda kumpokea mjomba aliyekuwa anakuja kwa treni ya Eurostar kutoka Paris. Treni ikachelewa, nami nikasimama karibu na sanamu ya shaba ya bwana mmoja aliyevaa koti, mkono mmoja ameshika kofia isipeperuke, macho ameyaelekeza juu kwenye paa. Ilinibidi nami nitazame kule alikokuwa anatazama.

Mjomba alipofika alitaka chai, tukaingia katika baa ya hoteli iliyopo pale pale kituoni. Ukumbi wenyewe una dari iliyo juu sana, madirisha ya matao yaliyochongoka kama ya kanisa, na kuta zilizofunikwa kwa mbao zilizonakshiwa hata zikafanana na kitambaa kilichopangwa mikunjo ya wima. Mhudumu alitueleza kwamba hapo ndipo abiria walipokuwa wakikatia tiketi enzi za treni za mvuke. Mjomba, ambaye alikuwa seremala kabla ya kustaafu, alizipapasa zile mbao hata chai yake ikapoa.

Nimesoma kwamba hoteli hii ilifunguliwa mwaka 1873 ikafungwa mwaka 1935. Hoteli iliyomeza fedha nyingi kiasi kile iliwezaje kufa baada ya miaka 62, ilhali kituo kilichopo nyuma yake kiliendelea kufanya kazi? Na hiki tunachokiona leo ni jengo lenyewe la kale, au ni sura ya nje tu iliyobakizwa na ndani pakajengwa upya? Jirani yangu naye anashikilia kwamba ramani yake ilichorwa kwanza kwa ajili ya wizara ya serikali, ikakataliwa, ndipo mchoraji akaipeleka kwa kampuni ya reli. Mwenye ujuzi naomba anifafanulie.

Mpenda Reli alijibu:

Ndugu, nianze na la jirani yako, kwa kuwa hadithi hiyo inasimuliwa sana hapa London na haikuzuka hivi hivi. Msanifu George Gilbert Scott alikuwa amepewa kazi ya kuchora Wizara ya Mambo ya Nje, naye akataka kuijenga kwa mtindo wa Kigothi, ule wa makanisa ya kale ya Ulaya yenye matao yaliyochongoka, aliouamini kuliko mwingine wowote. Waziri Mkuu Palmerston aliukataa mtindo huo katakata na kumlazimisha achore jengo la Kiitaliano, na Scott akameza mate machungu akachora. Muda si mrefu, mwaka 1865, kampuni ya Midland Railway ikaitisha mashindano ya kuchora hoteli mbele ya kituo chake kipya, na Scott akashinda kwa mchoro wa Kigothi kutoka msingi hadi kilele. Watu wakayaunganisha matukio hayo mawili. Ukiangalia ramani zenyewe, hata hivyo, utaona haziwezi kubadilishana. Wizara ni jumba la pembe nne lililozunguka nyua, wakati hoteli ni bawa refu linalofuata barabara ya Euston, likijipinda upande wa magharibi, na limelazimika kwenda sawa na majukwaa ya treni yaliyo juu ya usawa wa barabara. Alichokihamisha Scott ni mtindo alioupenda na pengine hasira zake. Karatasi za ramani zilibaki wizarani.

Kampuni yenyewe pia inafaa kuitazama, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuelewa kwa nini jengo lilikuwa la fahari kupita kiasi. Midland Railway ilikuwa na makao yake Derby, na kwa muda ilikuwa ikiingia London kwa kutumia reli ya mshindani wake, Great Northern, kupitia kituo cha King's Cross. Ni kama mtu mwenye duka kubwa anayelazimika kupitishia mizigo yake uani kwa jirani. Ilipopata njia yake na kufungua St Pancras tarehe 1 Oktoba 1868, ilijenga ng'ambo tu ya barabara kutoka kwa jirani huyo, na King's Cross, kituo cha mwaka 1852 chenye sura ya kawaida kabisa, kikaonekana kama ghala. Paa la treni alilolichora mhandisi William Henry Barlow lilivuka upana wa mita 73 hivi bila nguzo hata moja katikati, na wakati huo hapakuwa na paa la namna hiyo lililolizidi popote duniani. Mbele yake ndipo ikasimama hoteli, na mchoro wa Scott ulichaguliwa ingawa ulikuwa mkubwa na wa gharama kuliko masharti ya mashindano yalivyotaka. Sehemu ya kwanza ilipokea wageni tarehe 5 Mei 1873, jengo zima likakamilika mwaka 1876, na gharama zikafika takriban paundi 438,000.

Jambo ninalolipenda binafsi ni kwamba jengo lile ni tangazo la biashara. Matofali yaliletwa kutoka Nottingham, mawe kutoka machimbo ya Ancaster na Mansfield, chuma cha paa kutoka kiwanda cha Butterley kilichopo Derbyshire, na chini ya majukwaa zilipangwa nguzo za chuma kwa kipimo cha mapipa ya bia yaliyokuwa yakishuka kutoka Burton. Vitu vyote hivyo vilitoka katika eneo ambalo kampuni ilikuwa inasafirisha mizigo yake. Mfanyabiashara aliyeteremka London na kulala hotelini alikuwa amezungukwa na bidhaa za wateja wa reli ile ile iliyomleta.

Fundi Bomba wa Camden alijibu:

Mimi si mtu wa historia, ni fundi wa mabomba niliyestaafu, lakini swali la kwa nini hoteli ilikufa nitalijibu kwa sababu jibu lake liko kwenye mabomba.

Hoteli ilikuwa na vyumba takriban 300, na vyumba vya kuogea havikufika kumi. Mwaka 1873 hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa mgeni tajiri hakutarajia kuoga bafuni. Alitarajia kuletewa beseni chumbani, maji ya moto yakabebwa kwa ndoo, na asubuhi mtumishi akaja kuyachukua maji machafu pamoja na chombo cha haja cha usiku. Kila chumba kilikuwa na meko ya kuotea moto, na makaa ya mawe yalipandishwa kwa mikono, majivu yakateremshwa kwa mikono. Hesabu wenyewe idadi ya watumishi waliohitajika kwa vyumba 300, na ngazi walizopanda kwa siku. Wakati huo huo hoteli ilikuwa ya kisasa kwa mambo mengine: ilikuwa na lifti zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji, ambazo wenyewe waliziita vyumba vinavyopanda, ilikuwa na kengele za umeme, na ilikuwa na chumba maalumu ambamo wanawake waliweza kuvuta sigara bila kunyooshewa kidole.

Halafu zikaja hoteli nyingine. Savoy ilifunguliwa mwaka 1889 ikiwa na taa za umeme kila mahali, na Ritz ilifunguliwa mwaka 1906 ikiwa na bafu kwa kila chumba cha mgeni. Mtu mwenye fedha akishaonja kuoga faraghani hawezi kurudi kwenye beseni. Mtauliza kwa nini Midland Grand nao wasiongeze mabafu. Hapo ndipo penye tatizo. Sakafu zake zilijengwa za zege na chuma ili moto usipite kutoka ghorofa moja kwenda nyingine, na kuta zake ni nene mno. Miaka mingi iliyopita nilifanya kazi katika hoteli moja ya kale hapa mjini, ambayo sitaitaja jina, na niliwahi kutumia siku mbili nzima kutoboa tundu moja la bomba la maji machafu katika ukuta wa aina hiyo, na mwisho wa siku ya pili meneja akaniambia tundu limetokea chumba kisicho chake. Sasa fikirieni matundu ya namna hiyo 300, kwa vifaa vya mwaka 1910.

Juu ya hayo yote mtaa wenyewe ulishuka hadhi. Starehe za London zilihamia upande wa magharibi ya mji, na barabara ya Euston ikabaki na moshi wa treni. Mwaka 1923 makampuni ya reli yalipounganishwa, Midland ikamezwa na kampuni kubwa ya LMS ambayo makao yake yalikuwa Euston, hatua chache tu kutoka hapo, na kampuni hiyo haikuwa na sababu ya kuionea fahari hoteli ya wenzao. Walipoifunga mwaka 1935 waliigeuza kuwa ofisi za reli, wakaiita St Pancras Chambers.

Binti wa Mji Mkongwe alijibu:

Mzee wangu Fundi Bomba, shikamoo. Umesema kweli, na ninaomba niongeze kwamba unene ule ule wa kuta ulioiua hoteli ndio uliolipa jengo maisha ya pili. Ofisi za reli hazikuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, wala hazikuwa na haja ya kuoga. Makarani walichofanya ni kupaka rangi juu ya nakshi, kuteremsha dari bandia na kuweka vigawanyo vya mbao katika kumbi kubwa. Vyote hivyo ni uharibifu unaoondoka kwa subira.

Hatari kubwa ilikuja miaka ya 1960. Lango la mawe la kituo cha Euston lilikuwa limebomolewa mwaka 1961 na 1962 licha ya kelele za watu, na mwaka 1966 shirika la British Rail likawa na mpango wa kuunganisha King's Cross na St Pancras, mpango ambao haukuwa na nafasi kwa jengo la Scott. Yule bwana wa shaba uliyesimama karibu naye, kaka yangu wa Leicester, ni mshairi John Betjeman, mmoja wa waliopaza sauti zaidi kulitetea. Lakini sanamu isikufanye usahau kwamba kazi ya kila siku ya kuandika barua, kubishana na wakubwa na kuwasumbua mawaziri ilifanywa na katibu wa Chama cha Victoria, chama kinachotetea majengo ya enzi za Malkia Victoria, Jane Fawcett. Huyu bibi, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa miongoni mwa wafumbua siri wa Bletchley Park, na ujumbe alioufumbua mwaka 1941 ulisaidia kuipata meli ya kivita ya Wajerumani, Bismarck. Maofisa wa reli hawakujua wanashindana na nani. Novemba 1967 kituo na hoteli vikawekwa chini ya ulinzi wa sheria katika daraja la kwanza, yaani daraja la juu kabisa.

Kulindwa kisheria si kukarabatiwa. Katika miaka ya 1980 ofisi zilihamishwa kwa sababu jengo halikutimiza masharti mapya ya usalama wa moto, jambo la kuchekesha ukikumbuka zile sakafu za zege. Likabaki tupu, mvua ikiingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 British Rail ilikarabati paa na sura ya nje, lakini ndani palibaki na giza na njiwa. Kilichobadilisha hesabu ni uamuzi wa kuileta reli ya Ufaransa pale. Mwaka 1996 kampuni ya London & Continental ilipewa kazi ya kujenga reli ya kasi kutoka kwenye Njia ya Chini ya Bahari, kituo chake cha mwisho kikiwa St Pancras, na tarehe 14 Novemba 2007 treni za Eurostar zikaanza kuingia hapo. Hoteli ikapata tena kile ilichokikosa tangu mwanzo wa karne iliyotangulia, yaani wasafiri wenye fedha wanaoshukia mlangoni.

Kuhusu kilicho cha kale na kilicho kipya, jibu linatofautiana kutoka chumba hadi chumba. Ngazi kuu ni ya kale, ile inayopanda kama mto, ikagawanyika mikono miwili, na ukisimama chini yake unaona mihimili ya chuma imeachwa wazi na kupambwa badala ya kufichwa. Ukuta wake mwekundu wenye maua ya dhahabu ulikuwa umefunikwa na rangi za enzi za ofisi. Kazi ya namna hiyo huanza kwa kisu kidogo cha daktari. Unakwangua eneo lililo dogo kuliko kiganja, tabaka baada ya tabaka, unapeleka vipande chini ya darubini, halafu ndipo unaamua tabaka lipi unalirudia. Ukikosea hapo, kila kitakachofuata kitakuwa safi, kizuri na cha uongo. Juu kabisa, dari la ngazi lina nyota na picha za Fadhila katika sura za wanawake, nazo zimesafishwa zikaonekana upya.

Kwa matofali niseme neno moja tu kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Uashi wa kale wa matofali hufungwa kwa chokaa, na chokaa huruhusu unyevu kutoka kwenye viungo. Ukiziba viungo hivyo kwa saruji, unyevu hukosa njia, hupitia kwenye tofali lenyewe, na baridi ikija hulipasua uso. Kwetu Unguja hatuna barafu lakini tuna chumvi, nayo hufanya vivyo hivyo kwa kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa lipu ya saruji na mafundi wenye haraka. Kwa hiyo nikimwona fundi London anachanganya chokaa polepole, huwa najisikia nipo nyumbani.

Mkazi wa Leicester aliandika:

Nawashukuru sana. Dada yangu, umeniongezea deni la kurudi pale na mjomba. Lakini hujaniambia kama hoteli ya leo imelijaza jengo lote la zamani, maana niliona mlango mwingine ulioandikwa kwamba ni wa wakazi tu.

Mpenda Reli alijibu:

Hapana, haikulijaza, na hapo ndipo penye siri ya kufanikiwa kwake. Mradi uliongozwa na kampuni ya Manhattan Loft, na wasanifu Richard Griffiths na RHWL wakaligawa jengo. Ghorofa za juu ziligeuzwa kuwa nyumba 67 za kuuza. Hoteli ina vyumba 245, lakini 38 tu ndivyo vilivyomo ndani ya jengo la Scott. Vilivyobaki 207 vimo katika bawa jipya lililojengwa upande wa magharibi, pembeni ya paa la Barlow, kwa matofali mekundu na matao yanayofuata ya zamani. Njia iliyokuwa ya magari ya farasi kuingia kituoni ilifunikwa kwa kioo ikawa ukumbi wa mapokezi, na ofisi ya tiketi ikawa baa mliyonywea chai. Wageni wa kwanza waliingia Machi 2011, na sherehe ya ufunguzi ikafanyika tarehe 5 Mei 2011, miaka 138 kamili tangu ule ufunguzi wa kwanza.

Kama wangeng'ang'ania vyumba vyote 245 viingie katika jengo la zamani, wangerudi kwenye tatizo la Fundi Bomba, na safari hii kuta zenyewe ndizo zingeumia.

Mtembezi wa Jioni alijibu:

Sikubaliani moja kwa moja. Ghorofa za juu za jengo linalolindwa kwa niaba ya umma zimekuwa mali ya watu wachache wenye uwezo, na bawa jipya limeigiza mtindo wa mwaka 1873 kwa ustadi kiasi kwamba mgeni hawezi kujua wapi pa Scott pameishia. Ningependelea bawa linalokiri umri wake waziwazi.

Binti wa Mji Mkongwe alijibu:

Hoja ya bawa naikubali nusu. Wengi katika kazi hii hufundishwa kwamba kipya kionekane kipya, nami ningeridhika zaidi kama tofauti ingesomeka kwa jicho la mpita njia. Kuhusu nyumba za kuuza, nakuuliza tu ni nani mwingine alikuwa na fedha za kulikarabati jengo lile kwa ndani. Jengo lilikaa tupu tangu miaka ya 1980, na katika muda wote huo wapenzi wake walikuwa wengi, wafadhili wachache. Sisemi kwamba ni haki; nasema kwamba uchakavu ulikuwa hausubiri.

Mtembezi wa Jioni alijibu:

Hapo sina jibu. Ila kuna kitu kimoja ambacho sote tunakitazama pale na si cha kale, nacho ni saa kubwa iliyo ndani ya kituo, mwisho wa paa la Barlow, kwenye ukuta wa mgongo wa hoteli.

Fundi Bomba wa Camden alijibu:

Marahaba binti yangu, nilisahau kuitikia. Na habari ya saa ninaijua. Katika miaka ya 1970 reli iliiuza ile ya asili kwa tajiri mmoja wa Marekani kwa paundi robo milioni. Wakati wa kuiteremsha ikawaponyoka, ikaanguka sakafuni na kuvunjika vipande vipande, na biashara ikafa hapo hapo. Mlinzi mmoja wa treni aliyekuwa anakaribia kustaafu akavinunua vile vipande kwa paundi 25, akavisafirisha kwa treni hadi kijijini kwake Nottinghamshire, akakaa navyo akivipanga kipande kwa kipande hadi saa ikasimama tena kwenye ukuta wa ghala lake. Kituo kilipokarabatiwa, watengenezaji wa saa wa Dent, kampuni ile ile iliyoitengeneza mwanzo, walikwenda kwake kuchukua vipimo ili watengeneze hii unayoiona leo.